Nipo Bishkek, nikikataa maziwa ya farasi nitaonekana nina dharau? Ushauri tafadhali

mtoto_wa_pwani
Wakuu habari za muda huu. Nipo Kirigizistani, nimekuja kumtembelea mdogo wangu anasoma udaktari Bishkek. Msosi ndo unanichanganya, menyu Kirusi tupu, na kesho kutwa tunapanda Song-Kul, ziwa la milimani, kulala kwenye yurta, yale mahema ya wafugaji. Nasikia ukifika tu unapewa bakuli la kumis, maziwa ya farasi yaliyochachuka. Nikikataa si ntaonekana naringa? Na hapa mjini tule wapi bila kupigwa? Nawasilisha.

Kobe Mzee
Kunywa tu dada, ila ukirudi Dar usije ukaanza kushindana na bodaboda.

Ustadh wa Mtaa
Nyama ya farasi kwa sisi Shafii ni halali, usibabaike. Kumis ndo uiangalie, ina kilevi kidogo. Halafu hiyo yurta mnalala na nani?

Mpenda Safari
Niliishi huko kikazi. Tafuta bango limeandikwa ashkana, ndo mama ntilie wao, bei poa. Agiza lagman, tambi ndefu za kuvutwa kwa mkono na mchuzi wa nyama, au manty, vifuko vya unga vyenye nyama vya kupikwa kwa mvuke, ila usiume kwa pupa mchuzi utakurukia kifuani. Samsa, sambusa zao za kuoka, nenda Osh Bazaar, soko la hapo hapo Bishkek, wanaibandua kwenye ukuta wa tanuri mbele yako, ya moto kabisa. Migahawa mikubwa wanaongeza huduma asilimia 10 mpaka 15 kwenye bili, hujaibiwa. Na mkate usiuweke kichwa chini, mimi mama mmoja alinikodolea macho mpaka nikaugeuza. Ukifika mji wa Karakol usikose ashlan-fu, tambi za baridi zenye siki na pilipili, ya Wadungan, Waislamu wa huko wenye asili ya China, joto lote linaisha.

Bonge la Dom
Mi mwaka fulani Simanjiro nilipewa maziwa ya kibuyu, nikasema siwezi kumuangusha mzee, nikagida. Basi la kurudi liliniachia dirisha peke yangu.

Sista Neema
We mtoa mada, watu wanakunywa kumis kila siku hawaombi ushauri. Unaumwa nini?

mtoto_wa_pwani
Siumwi. Tumbo tu asubuhi linakuwa halijatulia.

Sista Neema
Asubuhi tu?

mtoto_wa_pwani
Haya jamani. Nina mimba, changa bado. Ila hela ya dereva tumeshalipa hairudi, na wajawazito wa huku wanakunywa tu, tena jana nilishaonja kidogo na sijaona kitu.

Sista Neema
Ndo ulipaswa kuanza na hilo! Kumis haichemshwi, na kuchachuka hakuui brusela, bakteria wa maziwa mabichi, ambayo inaweza kuharibu mimba na haijitokezi siku ya pili ili uione. Wenyeji nao wanaugua. Kaymak, malai ya kupaka mkate, nayo iache kama hujui imepikwaje. Song-Kul kwenyewe ni mita 3,000 na ushee, hospitali ipo mbali, ongea na daktari kabla ya kupanda.

mtoto_wa_pwani
Sawa lakini mdogo wangu kasema kidogo hakina shida, na yeye ndo anasoma.

Sista Neema
Mwaka wa ngapi?

mtoto_wa_pwani
Wa kwanza.

Kobe Mzee
😂😂😂

Mchunguzi Huru
Wakuu hii chai. Akaunti hii hii mwezi uliopita ilifungua uzi "natafuta mchumba awe mweupe, mimi ni fundi AC". Leo ana mimba na yupo Bishkek. Fundi gani huyu?

Bonge la Dom
Chai ya rangi kabisa, nasubiri maandazi.

mtoto_wa_pwani
Akaunti ya kaka yangu, simu yangu imejifunga. Amini usiamini.

Mchunguzi Huru
Kaka fundi, mdogo daktari, na wewe wa maziwa. Ukoo umekamilika.

Ustadh wa Mtaa
Swali langu la yurta halijajibiwa.

Mpenda Safari
Chai au sio chai, kuna mwingine atasoma. Kule kuonja kipande cha mkate kunatosha kabisa kumheshimu mwenye nyumba. Pokea bakuli, weka mkono kifuani, mpe mdogo wako anywe, wewe mega mkate na omba chai ya moto. Wanaimimina nusu piala, kibakuli chao cha chai, ili wakuongeze tena na tena, usidhani wanakubania.

mtoto_wa_pwani
Asante mkuu. Na samsa nikinunua asubuhi itafika Song-Kul?

Sista Neema
Jibu kwanza kama umempigia daktari.