Naomba ushauri: petroli ya rali iliyokaa miaka 3

Ndugu wanachama, nina lita 40 za petroli ya mashindano yenye madini ya risasi, zilizobaki tulipoacha rali miaka 3 iliyopita, katika madebe mawili ya chuma nyuma ya nyumba hapa Nakuru. Juzi nilifungua debe moja nikakuta mafuta yamegeuka rangi ya strungi na yananuka kama vanishi. Gari la nyumbani siwezi kulitilia, kwani risasi ingeharibu kisafisha-moshi chake, na kituo cha mafuta kimekataa kuyapokea. Fundi mmoja alinishauri niyamwage mtaroni (nilimpuuza, maana maji ya mvua huteremka hadi Ziwa Nakuru). Je, yapo matumizi salama yaliyosalia? Kama hayapo, ni nani hapa karibu mwenye leseni ya NEMA (mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira) ya kuchukua taka za namna hii?