Massey Ferguson 35 ya babu imekamata, nianzie wapi?

JembeLaBabu: Habari wakuu. Babu kaniachia trekta, Massey Ferguson 35, ile ya injini ya Perkins ya silinda tatu. Imelala chini ya mti miaka mingi, ekzosi iko wazi inatazama juu, mvua zote zimeishia humo. Nimefunga betri mpya, stata inalia "tak" basi. Nimetia spana kwenye puli ya mbele nikaning'inia na kilo zangu 90, wapi! Jirani ana trekta kubwa, anasema tuingize gia aivute, itaachia yenyewe. Nimkubalie?

SpanaBovu: Usithubutu! Magurudumu yakiilazimisha injini iliyokamata, kinachoumia ni konrodi, fimbo inayoshika pistoni: inapinda. Stata nayo iache, utaiunguza bure. Halafu una uhakika tatizo ni injini? Gia iko nyutro?

JembeLaBabu: Iko nyutro mkuu, naisukuma kwa mkono inatembea.

MzeeWaGereji: Basi ni injini kweli. Kijana, legeza nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwanza. Maji ni mazito kuliko oili, kama yamo yatatangulia kutoka. Kisha toa nozeli zote tatu, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda, ndipo ujaribu puli tena. Maji yakijaa juu ya pistoni hayabanwi, injini itagoma hata kama haina kutu.

Nati za nozeli zikikataa, usivute kwa hasira. Tumia soketi ya pembe 6, ile ya 12 itazila pembe. Ikaze kidogo kwanza, ikilia "kik" ndipo ulegeze. Za manifoldi ya ekzosi ndizo kiboko: hizo pasha nati yenyewe moto, si stadi (bolti isiyo na kichwa), kisha gusisha mshumaa, nta itanyonywa kwenye hesi, zile nyuzi za kukazia.

Pistoni zikiwa bado zimeshika, changanya mafuta ya giaboksi otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, tikisa, mimina kila silinda. Siku hiyo moto ukae mbali kabisa, asetoni inadaka upesi mno. Kila siku sukuma puli mbele na nyuma, kidogo kidogo.

Kibuyu77: Mimi nilimwaga soda ikaachia.

MzeeWaGereji: Soda ina tindikali, kutu italika, sibishi. Lakini umeongeza maji na sukari kwenye silinda iliyokufa kwa maji.

SpanaBovu: Ikifika kutoa hedi (mfuniko wa juu wa silinda), chonga gogo la mbao ngumu. Silinda hizo ni inchi 3.6, gogo liwe jembamba kidogo, nyuzi za mbao zisimame wima. Gonga pistoni iliyo katikati ya safari. Iliyo juu kabisa haina pa kwenda, utakuwa unazipiga beringi tu.

JembeLaBabu: Mrejesho wakuu. Sampu ilitoa maji kikombe hivi. Nozeli ya tatu ilinitesa siku mbili, ilipotoka nikakuta silinda ina tope la rangi ya chai. Nimeloweka, leo siku ya tisa puli imesogea upana wa kidole! Hedi sijaigusa. Ikizunguka yote nitie dizeli niwashe?

MzeeWaGereji: Tulia. Fungua kava ya valvu, gonga kila valvu kwa nyundo ya plastiki uone kama inarudi. Iliyoganda itapinda pushirodi, fimbo inayoisukuma, mzunguko wa kwanza tu. Halafu mwaga oili yote, badilisha na filta, uzungushe kwa mkono bila nozeli mpaka uchoke.