Mrejesho: magoti yangu na yoga ya jadi

Miezi minane iliyopita niliuliza kama mtu anaweza kuendelea na yoga ya jadi ilhali magoti yake hayakubali kikao cha padmasana (kukaa miguu ikipishana, kila unyayo juu ya paja la mguu mwingine), na wengi wenu mlinishauri nisome maandiko yenyewe kabla ya kujilaumu. Nimefanya hivyo, nami nawashukuru. Katika Yoga Sutra ya Patanjali, andiko la kale la msingi wa yoga, nilishangaa kukuta kwamba mkao wa mwili umetajwa kwa ufupi mno: ni nguzo ya tatu tu kati ya nane za yoga, na sharti lake ni kuwa thabiti na wenye raha. Raha! Mimi nilikuwa nikikaa huku nimeuma meno. Siku hizi hukalia blanketi lililokunjwa mara nne, miguu nikiikunja kwa kawaida na magoti yakiwa chini kidogo ya nyonga, na ile ganzi iliyokuwa ikinipata baada ya dakika 10 imekoma. Kinachonilemea sasa ni nguzo mbili za mwanzo, yama (miiko ya kuishi na wengine) na niyama (nidhamu ya nafsi), hasa kusema kweli bila kumuumiza mtu. Pranayama, yaani mazoezi ya kudhibiti pumzi, bado sijaigusa. Mwalimu wangu ameniambia nisubiri.