Woody Strode: alinyimwa usteringi, au aliridhika kuwa mtumishi? Tujadili

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Jumamosi nilikuwa sebuleni na vijana wawili wa nyumbani, tunaangalia The Man Who Shot Liberty Valance, ile kauboi ya John Ford ya 1962. Ikafika pale John Wayne amelewa chakari, mtumishi wake Pompey amekuja kumchukua. Wayne anamng'ang'ania anywe kwanza. Muuza baa anagoma kumhudumia mtu mweusi, Wayne anafoka. Pompey wala hanywi, anamkokota bosi wake wanaondoka. Kijana mmoja akasonya: "Huyu mzee anajidhalilisha kweli." Tukabishana hadi filamu ikaisha hatujui nani kafa.

Pompey ni Woody Strode. Kwa wasiomjua: mzaliwa wa Los Angeles, 1914, futi sita na inchi nne, kipara kinang'aa. Kabla ya sinema alicheza futiboli ya Kimarekani pale chuo kikuu cha UCLA, timu moja na Kenny Washington na Jackie Robinson. Mwaka 1946 yeye na Washington wakasajiliwa na timu ya kulipwa ya Los Angeles Rams, wakati ligi yake, NFL, haikuwa na mchezaji mweusi tangu 1933. Mieleka kapiga pia. Halafu akahamia sinema kabisa, na kwenye makauboi karibu kila mara utamkuta pembeni ya mzungu: anashika farasi, anarusha bunduki, anakufa mapema.

Hoja yangu ni hii: alinyimwa, hakuridhika. Na hicho kidogo alichopewa alikitendea haki kuliko masteringi wengi waliomzidi jina. Karibuni.

Mchangiaji wa 1:
Mkuu, usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Umesimulia baa, mbona umeruka darasa? Kwenye filamu hiyohiyo Pompey anasimamishwa mbele ya picha ya Lincoln asome kwa kichwa Tangazo la Uhuru la Marekani. Anafika penye maneno kwamba watu wote wameumbwa sawa, anasahau! Katika watu wote, mweusi ndiye anayesahau mstari huo. Na mwishoni seneta anamwekea pesa mkononi, eti za kununulia nyama, kama unavyompa mtoto wa jirani. Mtu mzima aliyekaa kando ya jeneza la rafiki yake!

Halafu Ford alipohitaji Mkomanchi kwenye Two Rode Together, 1961, alimchukua nani? Strode huyohuyo. Leo mtumishi, kesho Mhindi Mwekundu. Ilimradi tu asiwe mwenye hadithi.

Mchangiaji wa 2:
Naongeza. Wakati huohuo mwigizaji mweusi mwenzake, Sidney Poitier, alikuwepo, akachukua tuzo ya Oscar kwa filamu ya 1963. Na 1972 akaingia kwenye kauboi kwa mlango wa mbele, Buck and the Preacher, akaongoza mwenyewe na kuigiza mwenyewe. Kwa hiyo habari ya "zama zilikuwa ngumu" tusiizidishe.

Mleta mada:
Poitier ni sawa, lakini angalia tarehe, ndugu yangu. 1972. Strode aliingia studio mara ya kwanza 1941, filamu inaitwa Sundown, hadithi yake imewekwa Kenya ya mkoloni. Kazi aliyopewa? Askari wa kikabila. Miaka thelathini na moja kabla ya Poitier kukaa nyuma ya kamera. Huwezi kumlaumu aliyefyeka njia kwa kuwa hakupita na gari.

Kuhusu darasa: pale Pompey anaposahau, mwalimu, James Stewart, huyohuyo anayekuja kuwa seneta, anamwambia watu wengi huusahau mstari huo. Sasa angalia darasani humo kuna nani na nje kuna nani. Siku ya uchaguzi wanaume wanajazana ndani ya baa kupiga kura, Pompey kakaa nje. Ndiyo maana mimi naona Ford alijua anachofanya, na Strode alijua zaidi. Uso wake pale hauna aibu, una subira ya mtu anayewaangalia watu wazima wakicheza.

Na mnasahau nani alirusha ile bunduki. Wayne yuko gizani kichochoroni, Pompey anamrushia, risasi moja, jambazi Liberty Valance chini. Nani alimtoa Wayne kwenye nyumba inayoungua? Nani amekaa kando ya jeneza filamu inapoanza, wakati mji mzima umeshamsahau marehemu, yaani Wayne? Toa Pompey, filamu haina miguu.

Kwa wapenda umbea: Strode mwenyewe alisimulia kwamba wakati wa kupiga filamu hiyo Wayne alishindwa kuzuia farasi wa gari, Strode akashika hatamu, Wayne akamsukuma. Kidogo wazichape. Ford akamsihi Strode asimpige, bado wanamhitaji. Kwa kifua kile, mimi nisingemwekea Wayne hata mia.

Mchangiaji wa 3:
Mimi niko Lubumbashi, nashangaa hamjagusa filamu moja. Mwaka 1968 Mwitaliano Valerio Zurlini alitengeneza Seduto alla sua destra, yaani "Ameketi mkono wake wa kuume". Kwa Kiingereza waliiita Black Jesus. Strode ndiye steringi. Anaitwa Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayekamatwa, anateswa, anatupwa selo moja na mwizi wa Kizungu. Jina wamebadilisha, lakini hapa kwetu hakuna wa kudanganywa: huyo ni Lumumba. Kauawa Katanga hii, Januari 1961, miaka saba tu kabla ya filamu. Mnabishana kuhusu Pompey, kumbe mtu huyohuyo alibeba mateso ya Patrice usoni kwake. Ila ilibidi aende Italia kupewa.

Mleta mada:
Asante sana ndugu wa Lubumbashi, hapo umenichoma. Hilo la Italia ndilo lenyewe.

Mwaka huohuo 1968 Sergio Leone alimweka mwanzo wa Once Upon a Time in the West. Wauaji watatu stesheni wanasubiri treni. Hakuna muziki, kinu cha upepo kinalia kwi, kwi, basi. Jack Elam, yule mwenye jicho bovu, anahangaika na nzi. Strode kasimama chini ya tangi la maji. Tone linamwangukia kiparani. Hasogei. Tone jingine. Anavaa kofia taratibu, matone yanaendelea kugonga, tip, tip, yanajaa ukingoni. Treni inapokaribia anavua kofia, anayanywa yale maji, ndipo anaikamata bunduki yake iliyokatwa mtutu. Kamera imemganda usoni. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba Hollywood hawakuwahi kumsogezea kamera namna ile. Miaka ishirini na kitu anaigiza, uso wake unaonekana vizuri akiwa jangwani Hispania na Waitaliano!

Mchangiaji wa 1:
Nzuri sana. Ila mkuu, huyo muuaji wako hana hata sentensi moja, na Charles Bronson anashuka kwenye treni anawafyeka wote watatu. Steringi hafi, anakufa nani? Spartacus ya 1960 vilevile: Strode, kama mtumwa Draba, anamshinda Kirk Douglas uwanjani, anakataa kumuua, anawarukia wakubwa wa Roma, anachinjwa, mwili unaning'inizwa kichwa chini ili Kirk Douglas apate hasira ya kuanzisha vita. Kamera usoni haibadilishi hesabu. Mweusi ni kuni, mzungu ndiye anaota moto.

Mleta mada:
Sentensi ya kuni nakupa, sina pa kuikwepea. Kwa Draba aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe, lakini najua utaniambia kuteuliwa si kushinda.

Mchangiaji wa 2:
Na Sergeant Rutledge? Hiyo ya 1960 jina la filamu ni lake kabisa.

Mleta mada:
Hapo ndipo utaona maajabu. Sajini mweusi wa Kikosi cha 9 cha wapanda farasi anashtakiwa kubaka na kuua binti wa kizungu. Kesi nzima ni yake. Pale anapouvuka mto Pecos kwa farasi, Strode alijivuna hadi uzeeni kwamba siku ile aliuvusha na watu wake wote. Sasa nenda kaangalie jina la kwanza la waigizaji: Jeffrey Hunter, anayeigiza wakili wake.

Mchangiaji wa 1:
Umenisaidia kujibu mada yako.

Mleta mada:
Nimesema mwanzo kabisa alinyimwa! Wewe ndiye uliyekuja na ya kujidhalilisha. Yule kijana aliyesonya kaniomba Jumamosi hii tuweke hiyohiyo ya mto Pecos. Nitawaletea alichosema.