Nchi ya kubuni, je, na lebo tubuni zetu? Tujadili

Hoja iliyo mezani inasema hivi: nchi ni yetu, tumeibuni wenyewe, basi hata lebo za ramani tujitungie. Naipinga, ingawa si yote.

Kwa aliyeingia sasa hivi: tunachora pamoja nchi isiyokuwepo, kwa mfumo uleule wa OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004. Kila kitu ramanini hubeba lebo yenye ufunguo (kabla ya alama ya =) na thamani (baada yake). Barabara kuu ni highway=primary, reli ni railway=rail. Mfumo hauchagui maneno. Andika lolote mradi lisizidi herufi 255, litapokelewa.

Sasa oneni yaliyotupata. Mwenzetu alichora barabara ya misafara ya mfalme, akaipa highway=royal. Ramanini haikutokea, kwa sababu programu inayotengeneza picha ya ramani huchora lebo inazozijua tu. Kwenye kihariri, yaani programu tunayochorea, ikabaki mstari mwembamba wa kijivu. Mwingine akadhani ni mabaki ya kazi iliyotelekezwa, akaufuta, akapanga mtaa mzima wa nyumba palepale. Wote wawili walifanya kazi kwa moyo safi, na wote wawili waliumia. Kama ingekuwa highway=primary, kisha pembeni hadhi:barabara=kifalme, barabara ingeonekana na ufalme wake ungebaki. Kwa hiyo lebo zetu naziunga mkono zinapoongezwa juu ya zile zinazojulikana. Zikizing'oa, hapana.

Mnasema madaraja ya barabara, yaani ngazi kama hiyo primary, yamekaa Kiingereza mno. Kweli, yametokana na mfumo wa Uingereza. Lakini nchi halisi zilizoyapokea zimekubaliana kila moja kwa maandishi daraja lipi lina maana gani kwake. Vivyo hivyo admin_level, lebo ya ngazi ya mipaka ya utawala: 2 ni mpaka wa nchi, na kwa ngazi za chini yake kila nchi ina jedwali lake. Sisi tunashindwa nini kuandika letu?

Hili la kuandika ndilo linaloniuma zaidi. Kwenye ramani ya dunia, mkibishana kama barabara ni ya lami au ya vumbi, mtu anakwenda kuitazama. Sisi hatuna pa kwenda. Barabara yetu haiko popote ila kwenye maelezo yake. Nimewahi kukaa jioni nzima na mto uliopewa lebo daraja=3. Tatu ya nini? Kina? Utakatifu? Ruhusa ya kuvua? Aliyeuchora aliondoka zamani, na hakuna mwingine anayejua.

Kuna na majina. Mmoja wetu alibuni lugha, akaamua majina yake yaingie kwenye name:sw (name ni jina, na herufi zinazofuata ni msimbo wa lugha) kwa kuwa jina la lugha hiyo linaanza na herufi hizo. Jamani, sw ni Kiswahili! Anayetaka ramani kwa Kiswahili atasomeshwa lugha asiyoijua. Viwango vya ISO 639-2, vya kimataifa vya misimbo ya lugha, vimetenga qaa hadi qtz kwa matumizi ya watu binafsi, kwa hiyo name:qaa ingetosha bila kumkanyaga mtu.

Napendekeza lebo mpya isitumike kabla maana yake haijaandikwa, pamoja na mfano mmoja uliochorwa. Zile za zamani zisizo na maelezo sijaridhika bado tuzifanyeje, maana kufuta kazi ya mtu aliyeondoka ni jambo zito. Mnaoona pendekezo hili linabana, semeni linabana wapi, na mje na lebo yenyewe tuitazame.