Kila seli hukunja protini. Mbona ni figo zinazoumia?

Mzaliwa wa Ahero: Baba yangu, mwenye miaka 61, alipigwa picha ya tumbo hapa Kisumu, na figo zote mbili zikaonekana zimejaa vifuko vya maji, kama zilivyokuwa za marehemu shangazi. Sampuli ya damu iliyopelekwa ng'ambo imerudi ikitaja jeni ya GANAB, ambayo nasoma kwamba husaidia kutengeneza protini katika kila seli ya mwili. Ikiwa ni hivyo, mbona kilichoharibika ni figo?

Mwalimu wa Biolojia, Kisumu: Pole kwa mzee. Watazame mafundi wa Kibuye wanavyokunja mabati kuwa masanduku. Protini nayo huanza kama uzi mrefu wa asidi amino, kisha huingia katika karakana ya seli, yaani retikulamu ya endoplazimu, ambamo hukunjwa, huvishwa minyororo ya sukari na kukaguliwa kabla ya kuruhusiwa kutoka. GANAB hutoa sehemu ya kimeng'enya kinachopunguza sukari hizo, na mkaguzi hutambua kazi iliyokamilika kwa namna zilivyokatwa.

Protini nyingi hustahimili karakana inayozembea kidogo. Polisistini-1, inayotokana na jeni ya PKD1, haistahimili: ina asidi amino 4,303, na ni lazima ikatwe mahali mahususi, vipande viwili vikibaki vimeshikana, ndipo ifike kwenye silia, unywele mdogo wa seli ya mrija wa figo. Ikipungua kupita kiasi, seli za mrija huongezeka ovyo, nao mrija hutuna na kuwa kifuko. Mirija ya nyongo huitegemea vilevile, kwa hiyo ini la mzee pia lichunguzwe.

Muuguzi, Nakuru: Naafiki, ila si kila kosa la kukunja huleta upungufu. Katika ugonjwa wa jeni ya UMOD, uromodulini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika mkojo wa mtu mwenye afya, hukunjwa vibaya, ikakwama karakanani na kuisonga seli iliyoitengeneza. Vifuko hapo si dalili kuu; mara nyingi hutangulia jongo, na huku kwetu kijana anayechechemea kwa kidole gumba huchekwa kwamba amezidisha nyama choma, kumbe figo zinachakaa kimya kimya.

Mzaliwa wa Ahero: Nashukuru. Mimi nina miaka 34. Je, nami nimo hatarini?

Mwalimu wa Biolojia, Kisumu: Uwezekano wa kurithi ni nusu kwa nusu kwa kila mtoto. Ugonjwa wa GANAB kwa kawaida ni mpole kuliko wa PKD1, na wengi hawafikii kusafishwa damu.

Muuguzi, Nakuru: Pima shinikizo la damu wiki hii, kwa kuwa linaweza kupanda kabla hujahisi lolote, kisha uombe picha ya figo. Dawa za maumivu kama ibuprofeni usizinunue kiholela dukani.