Naomba ushauri: nimjibuje shangazi bila kumvunjia heshima?

Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miezi 2. Juzi niliweka picha yake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo ili bibi zake walio mbali wamwone. Sikuuliza chochote. Kabla ya adhuhuri nikakuta jumbe zaidi ya 40: mpe maji, joto hili kali, mwanzishie uji mwepesi, maziwa hayamtoshi. Shangazi akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, mwisho akasema, "Mtoto ana njaa huyo, mwanangu, usimtese." Niliusikiliza huku mtoto ananyonya, machozi yakanitoka.

Kliniki tumefundishwa, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema: maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6, hata maji hapana, kwani zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yenyewe ni maji. Na uzito kwenye kadi unapanda vizuri tu. Lakini shangazi ndiye aliyenilea, najua anasema kwa mapenzi. Nikinyamaza, watadhani nimekubali. Nikijibu mbele ya wote, nitaonekana nimewadharau wakubwa.

Kinachonichoma zaidi, wiki iliyopita mimi mwenyewe nilimwandikia wifi yangu aache kumpaka mtoto wake mafuta kitovuni. Hakuwa ameniuliza. Tangu siku hiyo yuko kimya. Nilikosea kusema, au nilikosea namna ya kusema?

Mliopitia haya, mlianzaje? Shangazi nimpigie simu au nimfuate nyumbani? Na wifi, nimwombe radhi kabla hatujakutana Jumapili?